Kompyuta Iliyogawa Hitma ya Sabri

Jumamosi, 7 Juni

Leo mimi Vuai Haji, mwenye darasa nne za skuli na jino moja la dhahabu, nimeiamrisha kompyuta ihesabu kutoka moja mpaka elfu, ikanitii kama askari wa gwaride, na hakuna kiumbe aliyenisaidia.

Basi, uongo. Mwalimu Cherotich ndiye aliyeandika yote. Mimi nilibonyeza kitufe kimoja, tena baada ya kubonyeza viwili ambavyo sivyo. Lakini mshtuko nilioupata ni wangu mwenyewe, sikuazima kwa mtu. Namba zilimwagika kwenye kioo kama mchele gunia limepasuka. Nikasukuma kiti nyuma nikamkanyaga Rénovat.

“Mon vieux, mguu yangu!” akalia. Rénovat ni Mrundi, dereva wa malori mstaafu, anakaa nyuma yangu, na “mon vieux” ni Kifaransa chake cha “mzee mwenzangu”. Tuko wazee sita, maktaba ya Parramatta, hapa Sydney, kila Jumamosi asubuhi. Mwalimu ni Mkalenjin wa miaka ishirini na kitu. Wiki nzima yuko ofisini mjini, Jumamosi anakuja kutufundisha bure. Sijui alimkosea nini Mungu.

Mwishoni akatupa kila mtu daftari. “Wazee wangu, mkifika nyumbani muandike vitu mmejifunza na vile mnajiskia. Kiswahili ni sawa tu. Nitakusanya term ikiisha nisome.”

Basi mwalimu, ukikuta humu nimekusema, ulijitakia.

Aliyeniandikisha ni binti yangu Sumeiya. “Baba, you need a hobby,” alisema. Mimi hobi ninayo: kumchokoza Sabri. Sabri ni mtu wa Mombasa. Miaka kumi na moja tulikuwa pamoja jikoni kwenye hoteli moja ya mjini, mimi namenya vitunguu, yeye anasugua masufuria. Huyo bwana amehifadhi msahafu mzima kichwani. Mimi chuo cha Kurani niliishia juzuu Amma, ile ya thelathini, ya mwisho kwenye msahafu lakini ndiyo ya mwanzo kufundishwa watoto. Nilipoimaliza nikatia kaa wa pwani, mzima, ndani ya kiatu cha maalim, na elimu yangu ya dini ikakomea hapo. Sabri hajaacha kunicheka tangu nilipomsimulia.

Jumatatu, 9 Juni

Baridi. Toongabbie, tunakokaa, asubuhi kioo cha gari la Sumeiya kilikuwa na barafu. Barafu! Nimeipara kwa kadi ya basi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepigwa na butwaa na mpaka sasa halijanitoka.

Mwalimu katufundisha lupu. Maana yake unaiambia kompyuta, fanya jambo hili, kisha rudia, kisha rudia, mara kadhaa. Akaiambia kumi. Sisi sote tunangoja moja, mbili, tatu. Ikatoka sifuri. Sifuri, halafu moja, ikaenda ikaenda, ikafika tisa, ikanyamaza kimya.

“Imechoka,” nikasema.

“Haijachoka, mzee. Inaanzanga na sifuri. Na ile namba umeipatia, inasimama moja kabla ifike.”

“Yaani nikiiambia kumi, haiendi kumi?”

“Inahesabu vitu kumi. Lakini kumi yenyewe haiguzi. Ukitaka ianze na moja unaweza kuiambia, lakini mwisho bado ni vile vile, haifiki. Skiza hapo, mzee, hapo ndio watu wote hukosea.”

“Mais, lakini sifuri si kitu!” Rénovat akapiga meza. “Utaanza kuhesabu na kitu hakuna?”

Tukabishana mpaka mwanamke wa maktaba akaja kututazama. Mimi nikauliza kama huyo aliyeitengeneza alikuwa na mama. Wenzangu wakacheka, nikafurahi kuchekesha, na yaliyosemwa baada ya hapo sikuyasikia.

Jumanne, 17 Juni

Nimemhesabia Sabri vidole vyake kwa simu kuanzia sifuri. Vimetoka tisa. Akaniambia nina wazimu.

Jumamosi, 21 Juni

Leo nimefanya maovu. Kuna lupu nyingine isiyo na mwisho; hiyo huiambii mara ngapi, inakwenda tu mpaka uizuie. Mwalimu alisema tusiiguse. Sasa utamwambiaje mzee asiguse? Nikaandika SABRI NI MZEE KULIKO VUAI, nikabonyeza.

Jamani. Kioo kizima Sabri, Sabri, Sabri, inakimbia juu haishiki. Nikabonyeza kila kitufe. Nikaifunika kwa koti langu. Mwalimu akaja mbio, “Aki mzee, nilisema nini?” akaizima kwa vidole viwili, na yeye mwenyewe amejiziba mdomo kwa mkono asicheke.

Kabla hajafika nilikuwa nimeshaichukua kwa video. Nikampelekea Sabri. Akanipigia papo hapo, anacheka mpaka anakohoa. “Vuai, wewe wataka kuniua bure! Miaka sabini na tatu, na bado waandika matusi ukutani.”

“Si ukutani. Ni kompyuta ndiyo iliyosema. Mimi nimenyamaza.”

“Iambie basi iseme na mwaka wako wa kuzaliwa, tuone.”

Nimelala nacheka.

Jumatano, 25 Juni

Sabri amekufa.

Ijumaa, 27 Juni

Alikuwa anatawadha sala ya alfajiri. Bi Mize, mkewe, akasikia maji yanaendelea kutiririka, akamwita, akamwita tena. Ndiyo hivyo tu.

Tumemzika jana, makaburi ya Kemps Creek. Upepo ule, mwalimu, haukupata kuvuma kwetu Makunduchi. Nilishika koleo nikatia udongo, mkono ukawa unafanya kazi na mimi mwenyewe sipo. Maalim Yasir, anayetusalisha sisi watu wa pwani, akanishika bega, akasema, “Inatosha, mzee, wape na wengine.” Kumbe nilikuwa sijaliachia.

Rénovat alikuja. Hakujua asimame wapi, akasimama karibu yangu.

Jumamosi, 28 Juni

Sikwenda darasani.

Jumamosi, 5 Julai

Nimekwenda, kwa kuwa Sumeiya alinipeleka mpaka mlangoni kama mtoto wa chekechea.

Mwalimu kafundisha fankshen. Unaandika maagizo mara moja, unayapa jina, basi siku nyingine unaita jina tu na kazi inafanyika. Nikamuuliza kama jina lazima liwe la Kizungu. Akasema hapana, hata la kwetu, kompyuta haijali. Nimeiita yangu punda. Unaita “punda”, anabeba namba anakuletea. Nilishtuka kujikuta nacheka.

Jumapili, 13 Julai

Bi Mize yumo edani, hatoki wala hakai na wanaume, basi mazungumzo yetu ni ya simu. Leo kanipigia.

“Shemeji, arubaini inaangukia tarehe tatu Agosti. Hitma nani ataigawa?”

Nikueleze, mwalimu, maana wewe ni wa kanisani. Arubaini ni siku ya arobaini ya maiti. Hitma ni msahafu mzima kusomewa marehemu. Msahafu una juzuu thelathini, yaani mafungu thelathini. Watu thelathini wanagawana, kila mtu anasoma lake nyumbani kwake, siku ya siku tunakusanyika, Maalim anaomba dua ya kufunga. Likikosekana fungu moja, hakuna kilichofungwa. Umemtuma mtu safari na chombo kilichotoboka.

Miaka yote aliyekuwa akigawa ni Sabri. Alikuwa anakata vikaratasi vya namba, anavitia ndani ya kofia yake, anatupitishia tukichota. Mimi siku zote nikichota Amma. Bahati yangu, wenzangu wananionea choyo.

“Nitaigawa mimi,” nikasema. “Safari hii hakuna vikaratasi. Itagawa kompyuta.”

Bi Mize akauliza: “Kompyuta ina udhu, shemeji?”

“Udhu ninao mimi ninayeibonyeza.”

“Haya. Nimekuachia wewe. Hili ndilo jambo la mwisho tutakalomfanyia, shemeji. Naomba litimie.”

Nikamwambia litimie vipi tena, na limeshatimia.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeandika fankshen yangu, nimeiita “gawa”. Majina thelathini: wa Sydney kumi na wanane, wa Melbourne saba, wa Mombasa watano. La kwanza kabisa nikaandika langu, kwa sababu mimi ndiye bwana shughuli. Maana ya “gawa” ni kuyapitia majina moja baada ya jingine na kumpa kila mtu namba ya juzuu yake. Nikaiambia thelathini. Nikabonyeza.

Ikaandika: 0 VUAI.

Juzuu ya sifuri! Rénovat akasoma juu ya bega langu, akacheka mpaka akavua miwani. “Hii machine inakujua, mon vieux. Wewe usome hewa.”

Mwalimu alikuwa na mama mmoja anayelia kwa sababu kompyuta yake imekuwa ya buluu, na mimi sikumwita. Kiburi. Nikasema jambo dogo hili nitalimaliza mwenyewe nyumbani.

Jumapili, 20 Julai

Nimelimaliza. Nimeiambia isianze na sifuri, ianze na moja, iishie thelathini. Nikabonyeza, ile sifuri ikaondoka. Safi.

Na mimi nikaondoka nayo. Jina langu halipo. Orodha inaanzia kwa mtu wa pili, anapewa namba moja.

Sasa sikiliza jinsi shetani anavyofanya kazi, mwalimu, maana haya sijamwambia mtu. Nililiona hilo. Nikakaa nikalitazama. Na badala ya kuuliza kwa nini, nikashusha pumzi. Kwa sababu bila ya kofia ya Sabri na bila ya bahati yangu, ningepewa juzuu ya kwanza, na mimi hiyo siijui, naisoma kama mtu anayevuka barabara gizani. Ningemwomba Sumeiya anisomee, na Sumeiya angejua kwamba babake ni mjinga. Nikajiambia: kompyuta imenisamehe. Imewapa wenye kusoma, imemuacha mzee apumzike. Sikuteremka mpaka chini kuangalia inaishia wapi. Nikaituma kwenye kundi la simu. Watu wakajibu kwa vidole gumba na mashaallah nyingi.

Jumatano, 30 Julai

Mvua siku ya tatu. Sumeiya anasoma juzuu yake mezani baada ya zamu, macho mekundu. “Yako ushamaliza, Baba?” Nikamwambia zamani.

Jumapili, 3 Agosti

Naandika kabla sijavua joho.

Nyumba ya Bi Mize ilijaa. Wanaume sebuleni, wanawake upande wa jikoni, pazia katikati. Rénovat alikuja na tai. Mwalimu nawe ulikuja, na mtandio umeuvaa kinyume, Sumeiya akakugeuzia. Pilau inanukia. Maalim Yasir akakunja miguu, akainua mikono aanze dua ya kufunga. Mimi nimekaa mbele karibu naye, nimevaa joho, naitikia salamu za watu wanaonisifu kwa kompyuta.

Sauti ya Bi Mize ikatoka nyuma ya pazia.

“Maalim, kabla hujaanza. Shemeji Vuai yupo?”

“Nipo, shemeji.”

“Nataka kukushukuru mbele za watu. Amma umeimaliza?”

Nikasema, “Amma gani?”

Wallahi ndivyo nilivyosema. Amma gani.

Maalim akashusha mikono. “Juzuu ya thelathini. Nani anayo?”

Watu wakatoa simu. Mmoja anayo ya ishirini na nane. Kijana wa Mombasa aliyekuwa kwenye video anayo ya ishirini na tisa, yeye ndiye wa mwisho kwenye orodha. Maalim akauliza upande wa wanawake. Hakuna aliyenayo. Na hapo ndipo maneno yako, mwalimu, yaliponiingia, wiki saba baada ya kuyasema: ile namba umeipatia, haifiki. Niliiondoa sifuri kule juu, sikuigusa thelathini kule chini. Majina thelathini, namba zimetoka ishirini na tisa, na jina lililobaki bila namba ni langu.

Nilitaka kusema mashine imekosea. Maneno yalishafika kwenye meno. Nikamtazama Rénovat, maskini, anatabasamu tu, hajui kunani, nikaona haya kumdanganya mtu aliyevaa tai.

“Haina mtu,” nikasema. “Ni yangu mimi. Jina langu lilitoka kwenye orodha, nikaona, nikanyamaza. Nilifurahi, Maalim. Mimi msahafu siujui. Naijua Amma peke yake, na hiyo ndiyo niliyoiacha.”

Hakuna aliyecheka. Miaka sabini na tatu nimechekesha watu, na leo hakuna hata mmoja.

Maalim Yasir ni mtu mwema. Akasema, “Si neno. Tuigawane sasa hivi hapa, sura mbili mbili, dakika tano imekwisha.”

“La,” sauti ikatoka nyuma ya pazia. “Asome yeye.”

“Bi Mize, ni nusu saa, watu—”

“Watangoja. Chakula kitapashwa moto. Asome yeye mwenyewe.”

Nikaanza. Mwanzoni sauti ilitoka kama ya mbuzi. Sura ya kwanza nikaenda, ya pili nikaenda, ya tatu nikakwama katikati. Neno limeniruka, chumba kizima kinanitazama. Nikasikia mwanamke nyuma ya pazia ananong’ona lile neno. Nikalichukua nikaendelea. Nikakwama tena mbele, safari hii akanitajia mwanangu Sumeiya. Nilimjua kwa sauti. Basi ikawa hivyo, mimi nasoma, nikianguka wanawake wananiinua, mpaka nikafika kwenye sura fupi fupi ambazo hata watoto wanazijua, na watoto wakaanza kusoma na mimi, na wanaume wakaingia, tukamaliza nyumba nzima sauti moja. Maalim akaomba dua. Nililia kama niliyemenya vitunguu vya hoteli nzima.

Halikuishia hapo. Watu wanakula, mimi nimekaa karibu na pazia sina hamu, Bi Mize akaniita kwa upande wa pili, taratibu.

“Shemeji. Unajua kwa nini nilikuuliza wewe?”

“Sijui.”

“Amma haikuwa inaingia ndani ya kofia. Sabri alikuwa akiificha ndani ya mkono wa kanzu. Ikifika zamu yako anaidondosha, wewe ndiyo unaiokota juu. Miaka kumi na minane. Aliniambia, asijue Vuai, ataona haya.”

Nimeandika maneno hayo nimeyaacha, nimekwenda kunywa maji, nimerudi. Bado yapo. Mtu aliyenicheka kila siku ya Mungu kwa sababu ya kaa na kiatu. Mimi nilijiona mjanja kuliko wote, kumbe kila mwaka nachezewa karata na msugua masufuria, kwa wema, na sikunusa hata harufu.

Jumatano, 6 Agosti

Mwalimu, daftari unalikusanya Jumamosi hii, kwa hiyo haya nakuandikia wewe moja kwa moja.

Fankshen ya “gawa” nimeirekebisha. Nimeiambia iishie thelathini na moja, na jina langu nimeliandika tena mwisho, ikafika thelathini. Nimeteremka mpaka chini kabisa na kidole juu ya kioo, nimehesabu jina kwa jina, mara mbili. Rénovat akahakiki kwa Kifaransa.

Sasa kuna jambo baina yetu. Jumapili ile, wakati wa kuondoka, mabibi watatu walikubana ukumbini kwa maswali: una mume, huna mume, kwa nini huna mume, kuna kijana yuko Perth. Ukanitazama kwa macho ya mtu anayezama. Nikawaambia mabibi kwamba umeshaposwa, na mchumba wako ni rubani. Wakauliza rubani wa ndege gani. Nikasema za mizigo, ndiyo maana haonekani. Nimedanganya ndani ya nyumba ya hitma, saa moja baada ya kutubu, kwa ajili yako. Ukaniambia mlangoni, kwa mdomo wako: “Mzee, umeniokoa. Niko na deni yako.”

Basi naidai. Wewe una gari, na Kemps Creek hakuna treni. Sumeiya sitaki kumwomba, atashuka, atanishika mkono, ataniletea kiti. Bi Mize edani hawezi kutoka. Jumapili asubuhi, kama huna kazi, nipeleke kwa Sabri. Petroli natia mimi. Nataka nimsomee Amma tena, polepole, kwa mwendo wangu, bila pilau ya watu kupoa. Wewe ubaki garini na vioo uvipandishe. Nikikosea, nataka anisikie yeye tu.